Fungu la Arobaini na Saba

Jumatatu, 9 Juni
Serikali hii inatumia fedha kama maji. Nimelisema bungeni mara tatu, na mara tatu Spika amenikatiza eti muda umekwisha. Yule mwenzangu tunayemwita Takwimu huachiwa dakika kumi nzima za kusoma asilimia, na sasa anautaka uenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Ninaoutaka mimi! Basi nitatoa hoja ya kupunguza matumizi, watu wanione. Kitabu cha bajeti kina kurasa mia tisa, nani ana nafasi hiyo? Nimepitisha kidole kwenye vichwa tu. Fungu la 47: "Matengenezo Mengineyo". Mengineyo! Wizi mtupu.

Jumanne, 10 Juni
Karani wa kamati amenifuata kwenye korido, akanisihi nisome kiambatisho cha fungu hilo kabla sijatia saini hoja ya kulifuta. Nimemwambia nilianza kuchambua bajeti yeye akiwa bado ananyonya. Akanipa kalamu.

Jumatano, 11 Juni
Nimeunguruma dakika saba. Nikauliza ni mwananchi gani aliyewahi kunufaika na mengineyo. Meza zikapigwa. Nikadai kura ya majina, historia inikumbuke. Hakuna aliyepinga; hata Takwimu, alipoitwa, alisema ndiyo, tena akitabasamu. Nimempigia mke wangu kumpa habari. Ameuliza kama nimekula.

Alhamisi, 12 Juni
Shangazi amepiga simu asubuhi. Ndiye aliyenilea, na ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi jimboni kwangu. Kasema fedha za paa la wodi zimefutwa. Mabati ya zamani yalishang'olewa, fundi kabeba ngazi zake kaondoka, wanawake wanajifungulia chini ya turubai na mvua imeanza. Hasira zilinipanda. Nikamvaa karani: nani huyo asiye na utu aliyefuta paa la wazazi? Akanifungulia kiambatisho cha Fungu la 47, mstari wa pili. Jina la wodi. Jina la jimbo langu.

Mbio kwa Spika, nikaomba turudie kura. Kasema kanuni haziruhusu; jambo likishaamuliwa halirudi mezani mpaka bajeti ya mwakani. Nimejifungia chooni robo saa. Shangazi kapiga tena. Sikupokea.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetafakari. Kosa si langu. Ni la walioficha paa la akina mama ndani ya mengineyo, na la wabunge mia mbili waliopiga kura lifutwe. Hivi hawa watu hawasomi? Kesho nina mkutano na wapiga kura uwanja wa soko. Nitawaanika wote, mmoja mmoja! Nimemwagiza karani taarifa rasmi ya kikao, yenye jina la kila mtu na alichofanya. Kaileta upesi ajabu, akanitakia safari njema. Nimeituma moja kwa moja kwa Shangazi aisome kwenye kipaza sauti, maana kule wanamwamini kuliko mimi. Mwenyewe sijaifungua. Ni kurasa arobaini, na nina hotuba ya kuandaa.