Mistari ya Penseli Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa na mkono wa shati. Umri huu wote, shati! Binti yangu amenivalisha kama mtoto wa chekechea. Nimefumba macho kwa aibu, kana kwamba nikifumba yeye haoni.

Kliniki. Tabibu wa viungo, mama mwenye vidole vya chuma, ameukamata mkono wangu wa kulia akaupandisha. Nimetoa sauti isiyomfaa msomi. Akasema bega limeganda: utando unaofunika kiungo umekakamaa, na kadiri ninavyolikumbatia kwa kuogopa maumivu, ndivyo linavyozidi kukaza. Dawa ni taulo la maji moto, kisha kupandisha vidole ukutani kama buibui, kila siku, na kupiga mstari wa penseli pale vinapokomea. Mistari isipopanda, sindano. Ndani ya bega!

Jirani yangu kwenye benchi: shemeji, mume wa marehemu dada yangu. Naye bega. Hata ugonjwa ananiiga.

Jumatano, 12 Machi

Buibui wangu mvivu. Anafika usawa wa kidevu, anageuza.

Shemeji amepiga simu, bila kuulizwa, akaniarifu kwamba yeye anafika kwenye paji la uso, na kwamba penye nia pana njia. Nimemwambia mimi nimeshapita utosi. Njia ya mwongo ni fupi, nami nikairefusha kwa stuli. Binti alikuwa sokoni. Mkono wa kushoto, usio na neno, ukachora mstari mzuri sana.

Na mimi nilikuwa mkaguzi wa shule! Niliwahi kumwandikia onyo mwalimu aliyebuni mahudhurio. Penseli yake ilikuwa na haya kuliko yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeongeza mistari. Binti ameiona, akanikumbatia (upande wa kushoto, ana adabu), akasema, baba, umepona! Kisha akatoa neno ambalo sikulitarajia. Basi atarudi kazini. Kiwanda cha nguo kimemteua msimamizi wa washonaji, cheo alichokisubiri tangu ujana wake, nao wanamngoja hadi mwanzoni mwa Aprili. Asipotokea, atapewa mwingine.

Nikasema hongera, mwanangu. Nikaikoroga chai niliyokwisha kuikoroga. Tangu mama yake aondoke duniani, kabla yeye hajaja kuniuguza, kitu pekee kilichonisemesha humu ndani ni saa ya ukutani. Nayo haikubali kubishana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeamua kuugua upya. Nimelilia bega tangu alfajiri. Na kweli linauma! Kweli ya kwanza kutoka kinywani mwangu mwezi huu, na nikaisema kwa hila.

Binti akamwita tabibu nyumbani. Shemeji akafuatana naye, eti kunijulia hali. Tabibu akaitazama mistari. Akasogea ukutani, akanyoosha mkono wake, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Akasema, mzee wangu, hapa hata mimi sifiki. Shemeji akauliza kwa upole kama siku hizi narefuka.

Binti hakucheka. Alikuwa anaitazama stuli, na vumbi la ndala zangu juu yake. Akaingia jikoni. Nikasikia maji ya bomba yakimwagika, na hakuna chombo kinachooshwa.

Alipotoka alisema maneno machache. Hawezi kuniacha hivi. Mstari wa kweli ukifika usawa wa macho yangu kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 6, kwisha, ataondoka. Usipofika, atawaambia wachague msimamizi mwingine. Ningependa kufa jioni hii, ila nahofia aibu itanitangulia.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefanya mazoezi ya haki. Taulo, buibui, machozi. Naapa, na mtu wa umri wangu haapi ovyo, maana anakoapia si mbali.

Leo asubuhi, binti akiwa bafuni, vidole vikafika usawa wa macho. Vikapita! Vikagusa usawa wa paji. Nikasimama pale nalia, mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Nikapiga mstari. Nikautazama. Nikatazama na sanduku lake mlangoni, tayari limefungwa.

Nilianza kuandika haya ili nisiende kaburini na uongo. Basi niandike: nimelowesha kitambaa, nimeufuta mstari ule. Nimechora mwingine, usawa wa kidevu. Safari hii kwa mkono wa kulia. Unaweza sasa.

Binti akaja, nywele bado mbichi. Akauona. Akasema, pole, baba, usijali, mimi nipo. Akachukua simu, akatoka nayo uani, akafunga mlango nyuma yake.

Jioni amenivua shati taratibu, asiniumize. Nimefumba macho. Nikaguna kidogo, pale panapostahili.