Stelingi na Ng'ombe wa Mahari

Jumanne, 3 Agosti 1993. Koboko.

Leo filamu kubwa kwenye banda la video la Mama Keji! Kazi yangu ni maikrofoni: filamu inasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi. Kiingereza nakijua nusu. Nusu nyingine najaza.

Katika filamu, mashine zimekunywa mvua yote duniani. Stelingi, shujaa mwenye mkono wa radi, anazipiga. Wanasema filamu hii imetikisa dunia nzima. Lakini kanda yetu imekatika! Stelingi kamkumbatia binti wa mkulima, kisha chenga tupu kwenye skrini. Banda lote likanigeukia. Ningefanyaje? Nikasema mvua ikanyesha, stelingi akapeleka ng'ombe kwa wakwe. Vigelegele! Mama mmoja alilia.

Jumatano, 4 Agosti.

Nimezunguka sokoni. Nataka kujua watu wanaisemaje. Mzee Sulaiti, sajenti mstaafu, hakuridhika: "Bunduki gani hii, risasi haina kwisha?" Margarita wa mandazi anauliza stelingi anakula nini, ikiwa mvua hakuna na mihogo hakuna. Swali zuri! Nimelifikiria mchana kutwa.

Ila mwisho umewakuna wote. Fundi Kamisi anashona suruali za mifuko mingi kama ya stelingi. Nimeagiza yangu. Mama Mindra wa Kuluba amemwambia anayemposa bintiye kwamba hata mwenye radi alileta ng'ombe, sembuse yeye.

Alhamisi, 5 Agosti.

Balaa. Taban, muuza betri, anayeitamani maikrofoni yangu siku nyingi, ametangaza kwamba mwisho nimeubuni. Fitina! (Ni kweli, lakini fitina.) Amekwenda Arua kuleta kanda kamili. Mama Keji amesema mkweli ndiye atakayebaki na maikrofoni. Bila maikrofoni mimi ni nani? Mtu wa Pajulu tu, asiye na shamba.

Ijumaa, 6 Agosti.

Nimempokea Taban alipoteremka kwenye lori. Nikamsaidia mzigo, kwa upendo. Nikachomoa kanda mfukoni mwa begi. Nimekwisha mmaliza!

Baadaye. Nimesoma jalada. Ni kanda ya kwaya ya kanisa, ya mkewe. Ile ya filamu bado anayo.

Jumamosi, 7 Agosti.

Banda limejaa hadi mlangoni. Taban kashika maikrofoni yangu. Mwisho ukafika, na mimi nikasahau hata kuogopa, nilivyotaka kuujua. Stelingi akapanda chombo, akapaa angani. Binti kabaki shambani anapunga mkono. Mvua hakuna. Ng'ombe hakuna. Anakwenda wapi? Bila hata kuaga wakwe?

Mama Mindra akasimama, mikono kiunoni. Taban akaziona nyuso zile, akasema: "Stelingi iko enda leta ngombe ya mahari!"

Vigelegele! Kwa mwisho wangu! Hasira zikanipanda. Nikarukia juu ya benchi: "Muongo! Huyu mutu iko kimbia!" Neno la kweli la kwanza nililowahi kusema katika banda lile.

Mzee Sulaiti akaniuliza kwa nini namtukana mkwe wa watu. Nikatolewa nje kwa mkanda wa suruali yangu mpya. Mama Keji amesema mkweli amejulikana. Maikrofoni ni ya Taban. Nimelia, nakiri.

Jumapili, 8 Agosti.

Nimepata somo: kosa langu lilikuwa kusema ukweli. Halitarudiwa.

Leo sokoni watu wanamsumbua Taban: ng'ombe watafika lini? Yeye anazipanga upya betri zake. Jibu ninalo mimi! Nimetangaza kwamba kuna sehemu ya pili, ng'ombe wanafika, na kanda ninayo mimi. Mama Keji amenipa Jumamosi ijayo. Mama Mindra ameahirisha harusi ya bintiye mpaka aione.

Sasa naitazama picha iliyo kwenye jalada la ile kanda ya kwaya. Kiongozi wa kwaya ameunyoosha mkono juu, vidole wazi. Mkono wa radi kabisa. Wale nyuma yake, wenye majoho meupe, wanaweza kuwa ng'ombe.