Sumaku na Spinachi ya Yunia

Jumatatu, 7 Juni 1971

Siku mbaya. Sista Cherotich wa dispensari ya shamba la chai amemkagua Yunia wangu macho na kucha, akasema damu imepungua, na mimba ndiyo kwanza miezi sita. Ale mboga za majani kwa wingi, zina madini ya chuma. Arudi baada ya wiki tatu. Damu isipopanda, aende kwa mama yake kule Nyamira akatunzwe mpaka ajifungue. Nyamira! Na baridi hii ya Kimulot, nani atanipasha miguu? Nimemwambia Yunia haendi popote, aniachie mimi.

Jumanne, 8 Juni

Jirani Opiyo, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, amesema tuchume nderema za mkewe Dorcus kwenye fensi. Nderema! Mboga inayojipandia ukuta wa choo bila kubembelezwa. Mke wangu hatakula hiyo. Nimekwenda kwa Okeyo, mtunza bustani wa meneja. Ile ya majani mapana na shina nene jeupe, tunayoiita spinachi sote, kumbe ni ndugu ya bitiruti. Spinachi yenyewe ni ile ndogo, laini, asili yake Uajemi, ikasafiri mpaka Ulaya ndipo ikatufikia. Jua likizidi inatoa maua na kwisha. Mboga yenye maringo hivyo lazima ina chuma. Nimechukua hiyo. Malipo: kumpasulia Okeyo kuni.

Alhamisi, 10 Juni

Kiwandani niko chumba cha kuchekecha, tunapopitisha chai chini ya sumaku ili misumari isiingie kwenye vikombe vya watu. Nimeazima sumaku ndogo, nikaipitisha juu ya spinachi. Haikunasa kitu. Nikaipitisha juu ya nderema. Nayo bure, hapo moyo ukatulia. Opiyo alichungulia akauliza kama nabariki mboga. Yunia alicheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mvua zianze. Msimamizi amenikaripia kwa ajili ya sumaku, na sijali hata kidogo.

Jumapili, 13 Juni

Napika mwenyewe. Laini nzima ya nyumba za wafanyakazi inacheka. Mama alikuwa akichemsha chinsaga, yaani mgagani, na kumwaga maji, tena na tena, mpaka uchungu utoke. Nami nachemsha spinachi mara tatu, maji ya kijani namwaga kwenye fensi. Sufuria iliyojaa imebaki kiganja kimoja. Yunia amekula yote, akanishika shavu, akasema hakuna mwanaume wa laini hii anayepika kama mimi. Ni kweli. Ila nikiwa kazini anashinda kwa Dorcus, na jioni nikimuuliza kama ana njaa anasema ameshiba. Dorcus anamchimba ili aibe mapishi yangu, sina shaka.

Jumatatu, 28 Juni

Damu imepanda! Nyamira imefutwa. Sista alimuuliza Yunia amekuwa akila nini. Yunia akamtazama Dorcus, aliyetusindikiza, kisha akanitazama mimi, akasema ni spinachi ya bwana wangu. Dorcus alishikwa na kikohozi. Njiani Yunia hakuuachia mkono wangu, mbele za watu, nami sikuuvuta. Nampenda mwanamke huyu kuliko ninavyojua kuandika.

Jioni nimetazama fensi. Nderema za Dorcus zimechumwa zikabaki vikonyo, ingawa nilizimwagia maji yangu yote ya kijani. Nimemhurumia. Nimempelekea bakuli la spinachi na kumweleza Opiyo, kwa upole, kwamba mboga ya ukuta wa choo haijengi damu. Opiyo alifungua mdomo. Dorcus akamkanyaga mguu, akanishukuru sana.

Sasa tumfikirie mtoto. Atahitaji chuma zaidi. Kesho nazika misumari yenye kutu kwenye mizizi ya spinachi, Okeyo asijue. Na kuanzia leo nachemsha mara nne.