Magid na Pilipili za Ukweni

Jinja nzima hakukuwa na mtu aliyejua mambo kama Magid wa Nalufenya, kwa sababu hakuamini lolote!

Magid aliuza mabeseni. Siku moja alimsikia msomi redioni akieleza kwamba maarifa yote ya binadamu huingia kupitia macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Basi! Tangu hapo wateja hawakupumua.

"Mtu huzaliwa kichwa kitupu kama beseni hili," aliwaambia, akiligonga. "Usichokionja hukijui. Umeambiwa tu!"

Ukimwambia rangi haijakauka, anagusa. Ukimwambia maziwa yamechacha, anakunywa. Alikuwa na maarifa mengi, na tumbo lisilotulia.

Ndipo mchumba wake, Bushira, akampeleka kwao Malukhu, Mbale, kujitambulisha kwa wazee.

"Magid, leo usijaribu kitu," alimsihi mlangoni. "Ukiambiwa, amini."

"Bila ushahidi?"

"Ndiyo. Kama watu wengine."

Wakaandaliwa malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi mzito wa karanga. Pembeni palikuwa na kibakuli cha vitu vidogo vyekundu.

"Hiyo kamulari, pilipili ya hapa," alionya Mzee Sulait, baba yake mdogo Bushira. "Inachoma vibaya. Weka kidogo tu."

"Mzee, 'inachoma' ni neno," Magid alijibu kwa upole. "Na neno halijawahi kumchoma mtu."

Akajaza kijiko. Akameza.

Lahaula! Machozi yakamtoka kama bomba limepasuka. Akafungua mdomo; sauti haikuja.

Shangazi Nusifa akajishika kifua. "Jamani, mwanamume analia! Tuliambiwa ni mkaidi, kumbe moyo wake laini hivi! Mwanangu, unampenda Bushira kiasi hicho?"

Magid akaitikia kwa kichwa haraka, akidhani maswali yakiisha maji yataletwa.

"Utahamia hapa Malukhu, usimtenge na sisi?" akauliza Mzee Sulait.

Akaitikia.

"Na utakubali nyumba ile inayotazamana na mlango wa mama mkwe wako?"

Kwa desturi ya familia ile, mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso hata kwa bahati mbaya. Lakini Bushira alikuwa ameingia na jagi la maji. Magid akaitikia mpaka kofia ikaanguka.

Vigelegele!

Siku hizi Magid anauza mabeseni Mbale. Ana mke, ana ndevu, ana heshima zake mjini. Na kila asubuhi, mama mkwe akiwa anafagia uani, yeye hutoka nyumbani kwake kupitia dirisha la nyuma.