Mtego wa Kinu

Jumatatu, 5 Julai 2004
Nimeibiwa! Si baiskeli. Ni ukurasa wangu wa "Desturi za Posa", kwenye tovuti niliyoijenga miezi minne pale intaneti kafe ya Yotham. Ludovick, mwenye duka la fotokopi hapa hapa Nzuguni, ameunakili wote kwenye tovuti yake. Juu ameweka picha yake akiwa na tai. Chini, jina lake. Anauchapa hata kwenye vipeperushi anavyowagawia wateja. Jina langu, Respicius, halipo popote. Nimekosa hamu ya kula. Sahani mbili tu.

Jumatano, 7 Julai
Nimeweka onyo kwa maandishi mekundu: kazi hii ni jasho la mwandishi, anayenakili bila kumtaja ni mwizi. Kufika jioni, Ludovick kanakili na onyo. Jina lake chini. Yotham anasema wateja wanamsifu kwa msimamo wake.

Alhamisi, 8 Julai
Dawa ya moto ni moto. Nimetunga desturi ya uongo nikaichomeka katikati ya zile za kweli: siku ya posa, mposaji hutwanga uwele kinu kizima mbele ya mama mkwe, peke yake, bila kupumzika. Hakuna mwanamume aliyewahi kufanya hivyo. Ikionekana kwa Ludovick, ushahidi kamili! Yotham kauliza kama posa yangu mwenyewe si wiki ijayo. Nimemwambia asichanganye mambo.

Jumatatu, 12 Julai
Amenasa! Nimekwenda dukani kwake na Yotham kama shahidi. Nikamwambia hiyo ya kutwanga nimeitunga mimi. Ludovick akajibu kwa upole kwamba basi mwongo ni mimi, yeye ni mwathirika. Yotham akaona ana hoja. Shahidi gani huyu?

Jumapili, 18 Julai
Mlali, nyumbani kwa kina Editha. Nampenda Editha kuliko tovuti, na leo ndiyo siku ya posa yetu. Mshenga wangu, baba mdogo Bernardo, aliongea vizuri. Shikamoo zote zilifika. Kisha mama mkwe, mama wa mwili mkubwa na sauti ya kuutosha, akatoa pochini kipeperushi cha Ludovick. Uani kinu kilikuwa tayari, uwele umejaa, majirani wameshakaa mkekani. Nikasema desturi hiyo ni ya uongo. Baba mkwe, Mzee Octavian, akauliza taratibu kama nakataa kutwanga au nakataa binti.

Nilitwanga. Saa nzima! Editha alijifunika kitenge usoni, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Posa imekubaliwa, na mama mkwe ametangaza kwamba mkwe wa namna hii hajapata kumwona.

Wakati wa kula niliona nisafishe jina langu. Nikawaeleza kwamba ukurasa mzima ni kazi yangu, neno kwa neno, na Ludovick ni mwizi. Bibi Loisi, mama yake mama yangu, aliyekuja na msafara wetu, akaacha kutafuna.

"Yote yale nilikusimulia mimi," akasema. "La kutwanga tu ndilo lako."

Jumatatu, 19 Julai
Malengelenge viganja vyote. Naandika kwa shida. Yotham ameshauri niweke jina la bibi kwenye ukurasa. Nimemweleza kwamba bibi hana hata imeili.

Habari mbaya kutoka Mlali: jirani wa kina Editha ana posa Jumamosi, na kinu wameshakiazima. Desturi yangu, na hakuna aliyenitaja! Imeniuma kuliko viganja.

Kwa hiyo leo nimeanza ukurasa mpya, "Desturi za Harusi", na mtego nimeshautega ndani: bwana harusi huingia ukumbini amembeba mama mkwe mgongoni. Safari hii Ludovick hachomoki.

Harusi yetu ni Septemba.