Ini Langu na Ini la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Kimeng'enya changu cha ini: 46. Kawaida haizidi 40. Kinyozi, mwenzangu wa foleni, kapata 24. Akakikunja kikaratasi chake polepole, makusudi, ili nione! Sote tuna homa ya ini aina ya B. Ini lake lina nini ambacho langu halina? Daktari akasema nisihangaike, nirudi baada ya miezi sita. Nikaomba wiki mbili. Akauliza tena kama mke wangu kapimwa. Nikasema ndiyo, kama kawaida. Mke wangu anajua nina vidonda vya tumbo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Dumu la lita tano kutoka kwa muuza mizizi wa sokoni. Linasafisha ini mpaka ling'ae, kasema. Chungu kama nyongo. Nimelificha nyuma ya cherehani. Vikombe vitatu kwa siku. Nitakunywa sita. Kinyozi atanitambua!

Jumatatu, 17 Machi
212! Nilidhani wamechanganya damu. Daktari hakutabasamu. Seli za ini zikiumia, kasema, kimeng'enya huvuja kwenye damu. Ama kinga yangu imeamka na inashambulia seli zenye virusi, ama nimemeza kitu. Nimemeza nini? Chai tu, nikajibu. Akatoa damu nyingine, ahesabu virusi.
Kinga imeamka! Nikamtangazia Kinyozi, foleni nzima ikisikia. Akanipa pole. Wivu tu.
Leo vikombe vinane, kutoka dumu la nne.

Alhamisi, 20 Machi
Mkojo rangi ya chai ya rangi. Chakula kinanitia kichefuchefu. Mteja kaleta suruali ya kupunguza, nikakata mguu mmoja mara mbili. Mke wangu akanivuta dirishani, akanifunua jicho. Manjano! Nikasema ni vumbi la kitambaa.

Ijumaa, 21 Machi
Mke wangu kalipata dumu. Akalibeba mpaka kliniki, mimi nyuma yake, akalitua juu ya meza ya daktari. Kimeng'enya: 640. Virusi ni vichache, vimetulia. Kinga haikuamka hata kidogo. Dumu ndilo linalochoma ini. Siku chache zaidi, kasema daktari, na ini lingegoma kabisa.
Kisha akamuuliza mke wangu majibu yake ya homa ya ini yalikuwaje.
Mke wangu akanigeukia. "Vidonda vya tumbo, eh?"
Akatolewa damu papo hapo. Majibu Jumatatu. Nimelazwa.

Jumapili, 23 Machi
Mke wangu kaleta uji. Hakukaa. Nimelala naye miaka yote hii! Nikimpoteza kwa sababu ya uongo wangu?

Jumatatu, 24 Machi
Hana virusi! Ana kingamwili tele. Alichanjwa alipoanza kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Nililia mbele ya wauguzi. Akanipa leso, akasema hajanisamehe, nipanguse tu pua.

Jumatatu, 14 Aprili
Kimeng'enya 71, kinashuka. Kinyozi: 23. Ishirini na tatu! Daktari akaniandikisha ahadi: sitakunywa tena mizizi, majani wala magome. Nikatia sahihi kwa moyo mkunjufu, mke wangu akawa shahidi. Mtu mzima hujifunza.
Nikarudi nyumbani kupitia sokoni, kwa muuza mizizi. Nimeisoma ile karatasi mara tatu. Mbegu hazikutajwa.