Mimi na Foleni Mbili za Bodi ya Shule

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mwenyekiti wa bodi ya shule ametangaza kwamba anang'atuka. Magoti, anasema. Mrithi wake atachaguliwa Jumamosi hii, mbele ya wazazi na majirani wote. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, jinsi inavyotakiwa. Moyoni nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti chake.

Nani mwingine? Nimekuwa mjumbe miaka mingi. Nusu ya sare za shule zimepita kwenye cherehani yangu. Najua viuno vya watoto wote, na vya baadhi ya walimu. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la dawa. Mtu wa ajabu sana. Anasoma bajeti kabla ya kikao! Mbele za watu, bila aibu! Mtu wa namna hiyo ataongoza nini? Atapata wapi muda wa kuongea?

Nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa mwenyekiti. Ameuliza kama mwenyekiti ataendelea kuacha viatu mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wa muziki alikuja dukani kwangu asubuhi, uso umemshuka. Kumbe kabla ya uchaguzi kuna hoja nyingine: bendi ya shule ifutwe, fungu lake liende kwenye paa la darasa la tatu, ambalo linavuja. Pia majirani wanalalamikia kelele. Aliniomba nisimame mbele ya foleni ya bendi.

Ombi la heshima. Bodi yetu haipigi kura za karatasi. Kila hoja ina foleni mbili, mjumbe mmoja mbele ya kila foleni, na watu wanajipanga nyuma ya wanayemuunga mkono. Aliye mbele haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Utaratibu huo ulianza baada ya mjumbe mmoja kugeuka, akamwona jirani yake kwenye foleni ya pili, wakanuniana mpaka watoto wao wakaoana.

Nilikubali papo hapo. Wazazi wa bendi ni wengi, na mtu akishazoea kusimama nyuma yangu saa tatu, saa nne hatashindwa.

Halafu kuna binti yangu, kitinda mimba. Ndiye anayepiga ngoma kubwa. Ngoma imemzidi, ukimwona kwa mbele unaona miguu miwili na macho. Lakini akiipiga, madirisha yanaitikia. Hajarithi kwa mama yake!

Jumatano, 5 Machi

Bahati imenikalia. Jioni alikuja muuguzi, yule anayekaa nyuma ya ukuta wa shule. Anafanya zamu ya usiku, analala mchana, na bendi inafanya mazoezi saa tano asubuhi, ndio kwanza usingizi umemkolea. Ameniambia kwamba tarumbeta inaingia kwenye ndoto zake. Juzi aliota anafukuzwa na tembo. Anaongoza majirani wote wa mtaa ule, na alitaka mjumbe mwenye sauti asimame mbele ya foleni yao, foleni ya kufuta bendi.

Nilimwambia usingizi wake ni usingizi wangu.

Basi piga picha. Wazazi wa bendi, wangu. Majirani, wangu. Shemeji atabaki na nani? Na bajeti yake! Leo nimeshona huku nikiimba. Mikono ya shati la mteja imetoka mmoja mrefu, lakini ni mtu wa kuelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimsimulia mke wangu mpango mzima. Aliuliza nitasimamaje mbele ya foleni mbili kwa wakati mmoja. Kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Swali dogo, lakini nakiri sikuwa nimelifikiria.

Jibu nimelipata kabla chai haijapoa: kizunguzungu. Jina langu likiitwa, nitayumba. Watanikalisha. Wengine watasimama mbele ya foleni, hoja itapita huku au kule, na kila upande utaamini nilikuwa wao. Kisha, wakati wa uchaguzi, nitapona. Nilifanya mazoezi dukani. Mara ya tatu nilianguka vizuri sana, ila mteja alikuwa ameingia, akanimwagia jagi zima la maji. Kitambaa cha suruali ya mkuu wa shule kimeloa. Sanaa ina gharama zake.

Binti yangu naye amewaambia darasa zima kwamba baba yake ndiye atakayesimama mbele ya bendi. Ameniuliza nitavaa koti gani, ili anitafute kwa macho. Nilimwambia la bluu. Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa bado nimevaa koti la bluu. Kwa fahari, si kwa kitu kingine.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti aliita wa kutangulia foleni ya bendi. Mwalimu wa muziki akalitaja jina langu. Makofi! Akaita wa kutangulia foleni ya kufuta bendi. Muuguzi akalitaja jina langu. Vichwa vyote vikanigeukia. Nilipendekeza nisimame katikati, nikielekea dirishani. Mwenyekiti akasema utaratibu hauna katikati.

Nikayumba.

Niliyumba kwa ustadi, nikashika paji la uso. Kosa langu ni moja tu: nilisahau kwamba aliyekaa jirani ni muuguzi. Alinidaka kabla sijafika chini, akanishika mkono, akapima mapigo, akanifunua jicho. Kisha akautangazia ukumbi kwamba moyo ni mzima, mapigo ni ya kijana, tatizo liko juu zaidi. Walicheka mpaka walio nje.

Mwenyekiti akaniuliza tena: huku au kule?

Nikamwona binti yangu. Alikuwa na wenzake ukutani, ameikumbatia ngoma yake, na hakuwa anacheka. Alikuwa analitazama koti la bluu. Nilipiga hesabu haraka: majirani ni wengi kuliko bendi. Akili ilisema nenda kule. Miguu, sijui nani aliituma, ikaenda kwa bendi. Nilisimama mbele yao, kifua nje, na nasema wazi, sijawahi kujisikia mrefu vile. Nyuma yangu ngoma ikalia mara moja, dum, na mwalimu akamkataza.

Majirani walinizomea. Hapo shemeji akaomba kusema neno, jambo lisilo kawaida yake. Alimuuliza muuguzi huamka saa ngapi. Muuguzi akasema saa tisa. Shemeji akauliza kama bendi ikianza saa kumi itamsumbua. Muuguzi akasema hapana, na kwamba tangu mwaka jana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Shemeji akaongeza kwamba fungu la paa lipo tayari, ukurasa wa tatu wa bajeti. Hoja ikaondolewa. Ukumbi mzima ulishangilia. Bendi imebaki! Ni wazi msimamo wangu ndio uliomtia shemeji moyo.

Kisha uchaguzi. Shemeji kona ile, mimi kona hii, sote tumetazama ukuta. Nikasikia miguu. Mingi! Inakuja upande wangu, inasukumana, watoto wanaambiwa wangoje zamu. Nilifumba macho, nikaanza kupanga hotuba. Tuliporuhusiwa kugeuka, niliona foleni ndefu kweli, ya wenye kiu, inayoishia kwenye pipa la maji ya kunywa kando yangu.

Nyuma yangu alisimama mtu mmoja. Ana ngoma, na hajafikisha umri wa kupiga kura. Mke wangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kaka yake, na alinipungia mkono.

Hawakumhesabu binti yangu. Mimi nimemhesabu. Njiani alinishika mkono, akaniambia kwamba leo baba alikuwa hodari. Nilimbebea ngoma mpaka nyumbani. Nzito kweli! Sijui mtoto huyu anaibebaje.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti mpya, shemeji, ameninyooshea mkono wa amani: nimekuwa mkuu wa kamati ndogo ya uwanja wa shule. Kwa usahihi, amenipa ili ninyamaze. Lakini cheo ni cheo. Nimejishonea mfuko wa kalamu kwenye koti.

Asubuhi alikuja kocha wa mpira. Anataka uwanja wote kila siku baada ya masomo. Anasemea familia nyingi, na uchaguzi mwingine haukawii. Nimemwahidi. Mchana walikuja akina mama wanaotaka kulima bustani ya shule, na wao wanautaka uwanja huohuo, wote, kila siku. Wanawake wa heshima, na wana ndugu tele. Nimewaahidi.

Wote wameondoka wakinishukuru. Kazi ya uongozi ni rahisi mno. Sijui wenzangu hushindwa wapi.